Mwendo wa Mzee Upimwe Kama Uzito wa Mtoto

Gofu, tenisi, kuogelea, kukata nyasi za uani kwa mashine. Hizo ni baadhi ya shughuli zilizomo kwenye dodoso la Minnesota, ambalo watafiti wa Marekani walilitumia kukadiria mzee anatumia nguvu kiasi gani kwa wiki. Lipelekwe Machame, Kilimanjaro, kama lilivyo. Bibi wa miaka 75, ambaye kabla jua halijapanda ameshakata majani ya ng'ombe, akajitwika na kukipanda nayo kilima, atajibu "hapana" mstari baada ya mstari, na mwisho wa mahojiano karatasi itamtangaza kuwa mtu wa kukaa tu.

Inachekesha, lakini dodoso hilo lilikuwa sehemu ya kazi nzito. Mwaka 2001 Linda Fried wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichapisha uchambuzi wa watu 5,317 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliokuwa wakifuatiliwa katika utafiti mkubwa wa magonjwa ya moyo. Walitaja dalili tano za udhaifu wa uzeeni: kupungua uzito kwa kilo nne na nusu au zaidi ndani ya mwaka bila kukusudia, uchovu wa kuona kila jambo ni mzigo, kiganja kisichobana sawasawa, mwendo wa polepole, na kujishughulisha kidogo. Mwenye tatu kati ya hizo alihesabiwa kuwa ni dhaifu. Mwenye moja au mbili, yuko njiani.

Waliofuatiliwa miaka iliyofuata walitoa jibu zito. Wale dhaifu walianguka zaidi, walilazwa zaidi, walishindwa kujihudumia na walikufa mapema kuliko wenzao wa umri uleule. Tena takriban robo yao hawakuwa na ulemavu wa kujihudumia wala mrundikano wa magonjwa. Daktari anayetafuta ugonjwa angewaruhusu warudi nyumbani.

Na ndivyo inavyotokea katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki. Mzee anaingia, anasema nguvu zimemwishia. Anapimwa presha. Anatobolewa kidole, malaria hakuna. Anapewa vidonge vya maumivu na kauli ya upole: "Ni uzee tu, mama." Kauli hiyo haina ubaya wa moyo, lakini inafunga faili. Anayeisema hajamwona mama huyo akitembea hatua tano, hajamuuliza kama aliwahi kuanguka mwaka huu, wala hajatazama mkono uliobaki ngozi na mfupa ndani ya mkono wa gauni. Safu hii inadai kwamba uzee na udhaifu ni mambo mawili, kwamba la pili linapimika kwa gharama ya karibu na bure, na kwamba huduma ya afya isiyolipima inawatibu wazee nusu nusu.

Njia ya Fried haiko peke yake. Huko Halifax, Canada, daktari Kenneth Rockwood na mwanahisabati Arnold Mitnitski walichukua mkondo mwingine: wahesabu upungufu wote wa mtu, kuanzia macho, masikio, kumbukumbu, miguu, kisukari hadi kukosa hamu ya kula, kisha wagawe kwa idadi ya vitu vilivyochunguzwa. Mwenye upungufu kumi kati ya arobaini anapata 0.25, na hapo ndipo wengi huanza kumwita dhaifu. Kambi hizi mbili zimebishana kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa mganga wa zahanati ugomvi huo hauna uzito mkubwa, kwa sababu pande zote mbili zinakubaliana kwamba umri ulioandikwa kwenye kitambulisho hautoshi. Wawili waliozaliwa mwaka mmoja wanaweza kuachana mbali sana kwa nguvu na kwa miaka iliyobaki.

Vipimo vyenyewe ni rahisi kiasi cha kumfanya mtu atilie shaka. Mwaka 2011 Stephanie Studenski na wenzake waliunganisha takwimu za wazee 34,485 na kuonyesha kwamba kasi ya kutembea, ile ya kawaida ya mtu anayekwenda zake, inakadiria maisha yaliyobaki vizuri karibu sawa na orodha ndefu ya magonjwa na vipimo. Mwaka 2015 utafiti wa PURE, uliopima watu wapatao 140,000 katika nchi 17, zikiwemo Afrika Kusini na Zimbabwe, ulikuta kwamba kila kiganja kinapopungukiwa nguvu ya kilo tano, hatari ya kifo inapanda kwa asilimia 16. Katika utafiti huo nguvu ya kiganja ilibashiri kifo vizuri zaidi kuliko presha ya juu, ambayo kila mtu anaijua.

Kupima mwendo kunahitaji mita nne za sakafu tambarare na simu yenye saa ya sekunde. Anayezimaliza kwa zaidi ya sekunde tano, yaani chini ya mita 0.8 kwa sekunde, anastahili kuangaliwa kwa karibu. Hapo hakihitajiki kifaa kutoka nje.

Sasa turudi Kilimanjaro, maana huko hoja imekwenda mbali kuliko wasomaji wengi wanavyodhani. Wilaya ya Hai imekuwa uwanja wa utafiti wa afya ya watu wazima tangu miaka ya 1990, pale mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo ulipoanza kuhesabu kaya moja baada ya nyingine. Juu ya msingi huo madaktari wa hospitali ya KCMC mjini Moshi na wenzao kutoka kaskazini ya Uingereza, akiwemo Richard Walker, walichunguza kiharusi, ugonjwa wa Parkinson, presha, ugonjwa wa kusahau, na hatimaye udhaifu wa uzeeni. Katika uchunguzi mmoja wa presha kwa watu wa miaka 70 na zaidi, karibu saba kati ya kumi walikutwa nayo. Katika ule wa udhaifu waliingia vijiji vitano, wakawafikia watu zaidi ya 1,200 wenye miaka 60 na kuendelea.

Hapo ndipo vifaa vya Marekani vilipoanza kugoma. Kilo nne na nusu kutoka lini, ikiwa nyumbani hakuna mzani na mara ya mwisho mama huyu kupimwa uzito ilikuwa alipobeba mimba? Mwanakijiji anajua kukonda kwake kwa alama nyingine: tundu jipya lililotobolewa kwenye mkanda kwa msumari wa moto, pete inayoteleza kidoleni wakati wa kufua, gauni la harusi ya mwanawe ambalo sasa linamning'inia. Na asiyeweza kusimama atapimwaje mwendo? Ukimwacha nje ya hesabu kwa sababu fomu yake haikukamilika, umemwondoa aliye dhaifu kuliko wote, halafu unashangaa kwa nini idadi ni ndogo.

Watafiti wa Hai walitengeneza kifaa chao kifupi cha kuchuja udhaifu kwa mazingira ya Tanzania. Upande wa kumbukumbu walikuwa wamekwishavuka kikwazo cha shule, kwa jaribio linaloitwa IDEA, lililoandaliwa kwa ajili ya wazee wa Afrika ambao wengi hawakusoma. Majaribio ya Ulaya humtaka mtu achore saa au aandike sentensi. Mzee ambaye hajawahi kushika kalamu atashindwa hata kama akili yake inakata kama wembe. Jaribio la IDEA linamuuliza daraja ni kitu gani, leo ni siku gani, kiongozi wa mahali hapo ni nani. Linamtaka ataje wanyama wengi kadiri awezavyo, akumbuke maneno aliyosomewa awali, kisha mhoji anapanga njiti nne za kiberiti mezani kwa umbo fulani, naye anapewa njiti zake alipange umbo hilohilo. Njiti za kiberiti! Utaalamu uliomo humo ni mkubwa: kila nyumba inazo, kila kidole kimewahi kuzishika, na kuzipanga hakutegemei kama mtu alipita darasa la pili.

Kenya nayo imeanza. Chuo Kikuu cha Aga Khan na wenzao wa Michigan wameanzisha utafiti wa kufuatilia afya na uzee nchini humo, na majaribio yake ya awali yalifanyika kaunti ya Kilifi. Faida ya utafiti wa namna hiyo ni kwamba humrudia mtu yuleyule baada ya miaka, ukaona nani aliteremka, nani alibaki palepale na nani alipanda.

Maana wapo wanaopanda, na hili ndilo wengi hawalijui.

Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone wa Boston aliwachukua wakazi kumi wa nyumba ya wazee, wote dhaifu, wenye wastani wa miaka 90, akawapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Kuna waliomwona anahatarisha maisha ya watu. Nguvu ya mapaja yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka minne baadaye alirudia kwa wazee 100, kwa utaratibu mkali wa kuwalinganisha waliofanya mazoezi na wasiofanya, na matokeo yakasimama. Mwaka 2014 utafiti uitwao LIFE uliwafuata Wamarekani 1,635 wa miaka 70 hadi 89, wenye miguu iliyoanza kulegea, kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Kundi la mazoezi lilitembea na kufanya mazoezi mepesi ya nguvu na ya kusawazisha mwili, kundi jingine lilipewa semina za afya. Katika kundi la semina asilimia 35.5 walifika mahali pa kushindwa kutembea mita 400, na katika kundi la mazoezi asilimia 30.1. Tofauti hiyo si ya miujiza. Lakini nyuma yake kuna watu halisi waliobaki na uwezo wa kwenda sokoni kwa miguu yao.

Ukiyasoma hayo kisha ukatazama jinsi wazee wanavyopendwa katika nyumba zilizojiweza kidogo, unapata mashaka. Kijana aliyefanikiwa Dar es Salaam anamtoa mama yake kijijini, anamweka chumba chenye feni, anamwajiria dada wa kazi. "Mama, umehangaika vya kutosha, sasa pumzika." Maji analetewa kitandani, chakula analetewa kwenye kochi, akitaka kufagia ananyang'anywa ufagio kwa sababu majirani watasemaje. Mama aliyekuwa akipanda na kushuka makorongo kila siku anatembea sasa hatua zisizozidi za kutoka chumbani hadi kwenye runinga. Baada ya miezi kadhaa hawezi kuinuka bila kuvutwa mkono, na familia inaambiana kwamba hali ya hewa ya pwani imemkataa.

Kinachomkataa ni kochi. Mwaka 2007 watafiti wa Arkansas waliwalaza kitandani wazee wenye afya njema, wenye wastani wa miaka 67, kwa siku kumi tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama isiyo mafuta miguuni. Siku kumi ni muda wa kawaida kabisa wa mgonjwa kulazwa wodini na nimonia au kifundo kilichovunjika, huku ndugu wakimkataza kushuka kitandani kwa huruma. Mgonjwa anatoka amepona nimonia na kupoteza miguu.

Hayo hayana maana kwamba kijijini ndiko kwenye siri ya maisha marefu. Bibi wa majani ya ng'ombe anajenga misuli, lakini pia anasaga magoti, na siku akiteleza kwenye tope la masika akavunjika nyonga, hospitali yenye daktari wa mifupa iko mbali na nauli ya kukodi gari hana. Kazi nzito bila chakula cha kutosha ni njia nyingine ya kudhoofika. Na chakula ndipo wazee wanapojiibia wenyewe. Kipande cha nyama kikifika kwenye sahani ya babu kinahamia kwa mjukuu, maziwa yanauzwa, naye anabaki na ugali na mchuzi. Meno yakiisha, maharage magumu na karanga navyo vinaachwa. Wataalamu wa lishe waliokutana chini ya kundi la PROT-AGE mwaka 2013 walishauri mzee ale gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, zaidi ya kijana. Mwenye kilo 50 anahitaji basi gramu 50 hadi 60. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15. Dagaa waliotwangwa wakachanganywa kwenye uji, mayai, samaki laini, maharage yaliyopondwa: mambo hayo yamo jikoni mwa watu, ila yamezoeleka kupelekwa kwa watoto.

Dalili nazo zimo ndani ya nyumba kwa anayetaka kuziona. Maabara za Ulaya humtaka mzee ainuke mara tano kwenye kiti bila kushika popote. Nyumba za Afrika Mashariki zina mtihani mgumu kuliko huo: kigoda cha jikoni na choo cha kuchuchumaa. Mzee anayeanza kutundika kamba chooni ya kujivutia, au anayepunguza kunywa maji ili asiende mara nyingi, ametoa taarifa kamili ya mapaja yake. Msikitini, aliyekuwa akisali chini miaka yote akahamia kwenye kiti cha plastiki nyuma ya safu, huenda ni goti, huenda ni zaidi ya goti. Inafaa aulizwe.

Kuna hatari katika kupima, na haifai kuifumbia macho. Mwaka 2020, Covid ilipoingia Uingereza, mwongozo wa taifa uliwaelekeza madaktari watumie ngazi ya udhaifu iliyoasisiwa na Rockwood kusaidia kuamua nani anafaa kupelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Familia za watu wenye ulemavu wa akili na usonji zikapiga kelele, kwa kuwa kijana anayehitaji msaada wa kuoga angeonekana dhaifu kama mzee wa miaka 90. Mwongozo ulirekebishwa ndani ya siku chache. Kipimo kilichobuniwa kumsaidia mtu kilikaribia kumfungia mlango. Katika nchi zenye vitanda vichache zaidi, daktari aliyechoka akiona neno "dhaifu" kwenye faili anaweza kuligeuza kuwa ruhusa ya kutofanya lolote. Kwa hiyo kipimo kisifungwe kwenye uamuzi wa nani atibiwe. Kifungwe kwenye nani apewe mazoezi, chakula, miwani, fimbo, na kupunguziwa dozi ya dawa ya presha inayomfanya aone kizunguzungu akisimama.

Lakini kutopima nako kuna gharama, na mahali pengine gharama hiyo ni damu. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania na Kilifi nchini Kenya wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi. Bibi mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, anayezungumza peke yake, anayetoka usiku na kupotea njia ya kwake: daktari angeona macho yaliyoungua, ugonjwa wa kusahau, pengine kutokusikia. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalotamaniwa, na hakuna kipimo cha kuondoa tamaa ya shamba. Hata hivyo, jamii inayojua kwamba kupotea njia usiku ni ugonjwa wenye jina inakuwa na kisingizio kimoja pungufu.

Serikali zimefanya baadhi ya mambo. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na kutokana nayo vikaja vitambulisho vya matibabu bila malipo na dirisha la wazee hospitalini. Kenya inawapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa kila mwenye miaka 70, bila kuuliza aliwahi kuajiriwa au la, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Ni hatua za heshima. Tatizo la dirisha la wazee ni kwamba linamhudumia mzee aliyeweza kulifikia. Limepunguza foleni, halijabadilisha maswali anayoulizwa akishafika.

Mtoto mchanga ana kadi. Kila mwezi anatundikwa kwenye mzani, nukta inawekwa kwenye mchoro, na mstari ukianza kulala nesi anauliza anakula nini. Hakuna anayesema "ni utoto tu." Kwa mzee kungetosha nukta mbili kwa mwaka: sekunde za mita nne na mzingo wa mkono, kwa utepe uleule wa kupimia utapiamlo wa watoto. Watu wa kufanya kazi hiyo wapo au wanaandaliwa. Kenya mwaka 2023 iliwatuma wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wakiwa na mikoba yenye mzani na kipima presha. Tanzania mwaka 2024 ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Watalalamika kwamba fomu zimekuwa nyingi, nao watakuwa na haki. Basi fomu moja isiyosomwa na mtu iondolewe ili hii ipate nafasi.

Swali gumu ni mhudumu afanye nini akishamkuta aliyetumia sekunde tisa. Wataalamu wa fiziotherapia wamejazana hospitali za rufaa, kijijini hawapo. Hai imeonyesha upenyo: huko tiba ya kuchangamsha akili kwa wenye ugonjwa wa kusahau imewahi kuendeshwa kwa vikundi vidogo, kwa michezo na mazungumzo ya kwao, na wazee wakaonyesha nafuu. Mazoezi ya kuinuka kitini, kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika ukuta na kunyanyua chupa za maji zilizojaa yanaweza kufundishwa kwa mtindo huohuo, mahali ambapo wazee tayari wanakutana: vikoba, jumuiya ndogondogo, baraza la msikiti, siku ya pensheni.

Siku hiyo ya pensheni ina taarifa nyingine. Huko Zanzibar, afisa wa shehia ana majina yote ya wenye miaka 70, na anajua nani alikuja kwa miguu yake, nani aliletwa na bodaboda, nani mwezi huu amemtuma mjukuu achukue kwa niaba. Huyo wa mwisho hajapimwa na mtu, wala dirisha la wazee halijamwona. Mhudumu wa afya aanzie nyumba yake.